Apu imezinduliwa, sasa nani atashika simu?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi na karibu zote zatoka kampasi, manake mitihani iko mlangoni na watu wameanza kugombana na potali zao. Nimechagua sita. Zingine ntazijibu haraka lakini mbili tatu nimezikalia, sababu mimi mwenyewe nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye deski la ICT la chuo kimoja hapa Mombasa na mambo niliyoyaona pale bado yaniuma roho, kwa hiyo nikirefusha mnivumilie.

Salam aleikum mwalimu. Sisi ni makomredi wanne wa mwaka wa nne, twasomea kompyuta hapa Tudor. Projekti yetu ya mwisho twataka kutengeneza apu ya kampasi yenye kila kitu, ratiba, maksi, ramani, kulipa karo, soko la vitu vya mtumba na sehemu ya kuchati. Wengine wanatuambia tuweke Play Store na pia ya iPhone, mwingine akasema tufanye USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli, tukamcheka, si hayo ni mambo ya kizamani? Tuanze wapi? (Makomredi, Tudor)

Waleikum salam wanangu. Hongereni kwanza, lakini hiyo orodha ni kazi ya kampuni nzima si ya watu wanne wenye semista moja. Ntawaomba mfanye kitu kabla hamjafungua hizo laptop. Nendeni getini asubuhi wakati watu wanashuka kwenye matatu na tuktuk, simameni hapo siku mbili, mtazame watu wameshika simu gani alafu muwaulize walikuwa wakitafuta nini kwenye simu walipokuwa njiani. Mtakuta mwenye iPhone ndio, lakini mtakuta wengi wana Android za bei nafuu ambazo memori imejaa video za WhatsApp mpaka simu haikubali kuinstol kitu kingine, na wenye kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, pia mtawakuta. Na walichokuwa wakitafuta haitakuwa soko wala chati. Ni yule aliyekwama kwenye feri Likoni na saa zaenda, anataka kujua darasa la saa mbili liko chumba gani na kama lekchara amekuja ama ameahirisha. Basi.

Wenzetu walioanza mapema waliliona hili. Chuo Kikuu cha Oxford kule Uingereza walipotoa huduma yao ya simu mwaka 2009 waliweka vitu vya mtu aliye njiani, basi lafika stendi saa ngapi, kitabu kiko maktaba gani, ramani, namba za watu wa chuo, na programu yenyewe wakaitoa bure kwa jina la Molly ili vyuo vingine navyo viichukue. MIT ya Marekani, karibu miaka hiyohiyo, walifanya tovuti yao ya simu iwe inaitambua simu iliyokuja, ukija na simu ya kugusa unapewa ukurasa wa kugusa, ukija na simu ndogo unapewa maandishi matupu, lakini habari ni ileile. Hapo kwenye habari ni ileile ndo nataka mpakazie macho. Mwanafunzi mwenye kabambe amelipa karo sawa na mwenye iPhone, na hana kosa lolote.

Kwa hiyo huyo mwenzenu mliyemcheka mwombeni radhi. USSD yapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, haitaki bando wala smatifoni, na mzazi aliyeko Lunga Lunga ama Garsen ambaye hajawahi kufungua tovuti maishani mwake anajua kubonyeza nyota na reli. Uzito wake ni kwamba skrini moja yabeba herufi 182 tu na ukichelewa kujibu yakata, sasa kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu kuandika menyu inayoeleweka ni kazi ya kukaa na kufuta na kuandika tena. Alafu namba ya USSD hukodishwa, na lazima iunganishwe na kila mtandao kivyake, Safaricom kivyake na Airtel kivyake, ndo maana wengi hupitia kampuni za kati kama Africa's Talking ambao wana sehemu ya kujaribia bila kulipa. Kwa projekti ya chuo jaribieni hapohapo, yatosha kabisa kuonyesha wasimamizi.

Sasa apu. Akaunti ya Play Store ni dola 25 mara moja, ya Apple ni dola 99 kila mwaka na mwaka usiolipa apu yako yaondolewa dukani. Na kama akaunti ya Google ni ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023, wanataka kwanza upate watu 12 waijaribu hiyo apu siku 14 mfululizo ndo uruhusiwe kuitoa kwa umma, msije mkaligundua hilo wiki ya kupresenti. Tena si kwamba ukishaiweka imekaa. Kila mwaka Google hupandisha toleo la Android ambalo apu lazima ilenge, na iliyoachwa nyuma muda mrefu wenye simu mpya hawaioni tena dukani.

Kwetu tulikuwa na apu nzuri tu, kijana mmoja hodari aliiandika peke yake, akaiweka dukani kwa akaunti yake na kwa imeili yake, sisi tukapiga makofi. Akamaliza masomo, akapata kazi Ghuba, akaenda zake, na simlaumu hata kidogo. Mwaka uliofuata potali ikabadilishwa anwani. Apu ikawa yafunguka alafu yazunguka tu haileti kitu, na sisi hatuna akaunti, hatuna ufunguo wa kusaini apu, hatuna hata nakala ya programu aliyoiandika, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaendelea kuipakua sababu ina nembo ya chuo na wao waliamini nembo. Nilishika simu zao miezi. Mwishowe tulimpata kupitia ndugu yake Mikindani, akaiondoa dukani akiwa hukohuko ugenini. Kwa hiyo chochote mtakachofanya, akaunti iwe ya idara kuanzia siku ya kwanza, na paswedi ijulikane na watu wawili walioajiriwa.

Mimi ningekuwa nyinyi ningetengeneza tovuti nyepesi ya simu inayoihifadhi ratiba ndani ya simu ikishafunguliwa mara moja, isomeke hata bando likiisha, siku hizi brauza yaweza hilo bila apu yoyote. Lakini sehemu ngumu wanangu si hiyo. Sehemu ngumu ni kwamba ratiba yenyewe iko kwenye Excel ya karani mmoja pale idarani, na chumba kikibadilika anaprinti karatasi anabandika ubaoni. Mkimwacha huyo mtu nje tovuti yenu itakuwa inadanganya ikifika wiki ya pili, na ikimdanganya mwanafunzi mara moja akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu akakuta mlango umefungwa, harudi tena. Mwendeeni, kaeni naye, mnywe chai na mahamri, muone anavyofanya kazi, alafu mtengenezeeni namna ya kubadilisha chumba kwa simu yake mwenyewe kwa dakika moja. Mkiweza hilo tu nawapa A mimi. Ramani tumieni OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, tembeeni mkatie majina ya majengo kwa miguu yenu, ni bure na yatabaki nyinyi mkishaondoka. Maksi na karo msiziguse mwaka huu.

Mwanangu, mimi ni mama wa Likoni nauza viazi karai na kachri. Kijana wangu yuko chuo. Nimelipa karo kwa M-Pesa shilingi 12,000, mesej imekuja na pesa imekatwa, lakini aambiwa kwenye kompyuta yao haionekani na kadi ya mtihani hapewi. Yeye asema twende kwa wakala. Nimekwenda mara mbili nikarudi vivyo hivyo. Jirani ndo amenisaidia kuandika. (Mama, Likoni)

Shikamoo mamangu, na pole sana. Pesa yako haijapotea, inaweza kuwa imekaa chuoni haina jina. Wakala hana la kukusaidia hapo sababu malipo ya paybill hayapiti kwake, yametoka kwenye simu yako yakaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Kwanza kabisa hiyo mesej usiifute. Mwambie kijana aifungue, mwanzoni kuna kodi (code) ya herufi na namba, jumla kumi, hiyo ndo risiti yako. Alafu atazame palipoandikwa akaunti. Mara nyingi tatizo liko hapo, namba ya usajili ya chuo ina herufi na mikwaju, mtu akiandika akaruka kimoja, ama akatia herufi O mahali pa sifuri, ama akaandika jina la mtoto badala ya namba, mashine ya chuo haijui pesa ni ya nani na inaziweka kando.

Nendeni ofisi ya fedha ya chuo, si ya ICT, na msikubali kuzungushwa. Kijana achukue kitambulisho chake cha chuo, aandike hiyo kodi kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa na namba ya simu iliyolipa, awaombe waitafute kwenye stetimenti ya paybill yao. Wanaweza kuiona. Wakishaiona wanaihamishia jina lake. Na kama wako bize na mtihani ni kesho, aombe barua fupi yenye muhuri kwamba malipo yameonekana, aingie nayo mtihani. Mamangu kitu kimoja tu nakusihi, mtu yeyote akikupigia kusema ni wa chuo ama wa M-Pesa akakuomba namba ya siri ili akurekebishie, kata simu. Hakuna marekebisho yanayotaka namba yako ya siri.

Hili nalisema pia kwa wanaotengeneza hizi sistimu, manake mama huyu amekosa siku mbili za biashara kwa kitu kinachoweza kuzuiwa. Tangu Safaricom watoe Daraja, mlango wao wa kuunganisha sistimu za watu na M-Pesa, mwaka 2017 chuo kinaweza kuunganisha sistimu yake na M-Pesa moja kwa moja, na kuna kipengele ambacho kabla pesa haijapokelewa M-Pesa inaiuliza sistimu ya chuo, je hii akaunti waijua? Sistimu ikisema siijui, malipo yanakataliwa papo hapo na mzazi anajua amekosea akiwa bado ameshika simu mkononi. Lakini kipengele hicho hakiji kikiwa kimewashwa, lazima chuo kiombe, na wengi hawaombi. Na lazima uamue mapema, seva yako ikiwa imelala hapo stima zimepotea, malipo yakubaliwe ama yakatazwe. Mimi ningeyakubali alafu nikamtafuta mwenye malipo jioni, sababu mzazi aliyepanga pesa yake leo huenda kesho asiwe nayo. Ile taarifa inayotumwa na M-Pesa kwa seva yenu ikipotea njiani msimtume mzazi kuitafuta. Kila jioni mtu ashushe stetimenti ya paybill ailinganishe na potali mstari kwa mstari, na zile zisizo na jina zipigiwe simu. Kazi hiyo yachukua mtu mmoja na saa moja hivi. Nimeiona ikifanywa, na siku ilipokuwa ikifanywa korido ya fedha haikuwa na foleni.

Kaka, eduroam inanisumbua. Kampasi kwetu inashika, nikienda chuo kingine inagoma. Rafiki yangu akitumia paswedi yangu kwake inaingia. Shida nini? (Msomaji, Bamburi)

Kwanza acha kugawa paswedi, hiyohiyo ndo inayofungua maksi zako kwenye vyuo vingi. Pili, nadhani umeandika namba yako ya usajili peke yake. Kwenye eduroam, ile waifai ya pamoja ya vyuo, lazima uandike jina lote pamoja na ile sehemu ya baada ya @, manake ukiwa chuo cha watu wao hawakujui, wanachofanya ni kusoma hiyo sehemu ya nyuma wajue wakuulizie wapi, ombi linapita kwa KENET, mtandao unaounganisha vyuo vya Kenya, linarudi chuoni kwako, chuo chako kinasema huyu ni wetu, unaruhusiwa. Bila hiyo sehemu ombi halina pa kwenda. Kwenu inashika sababu seva yenu inakujua tayari. Kwa Android mpya, kuanzia toleo la 11, ikikuomba domeni ijaze pia, usiiache wazi, na ICT wenu ndo wenye kukupa. Futa mtandao kwenye simu alafu uanze upya, na uhakikishe tarehe ya simu iko sawa.

Darasani kwetu klasirepu ameanzisha grupu la WhatsApp akataka kila mtu apige picha kitambulisho cha kitaifa mbele na nyuma atume hapo, ati ofisi imeomba kwa ajili ya apu mpya. Tuko watu zaidi ya mia. Wengine wametuma. Mimi nimekataa naambiwa ninajifanya. (Dada wa mwaka wa pili, Kisauni)

Hujifanyi dadangu, umefanya sawa. Kitambulisho kikishaingia kwenye simu mia za watu hakitoki tena, na kitambulisho na namba ya simu ndo vitu ambavyo mtu anavitumia kujifanya wewe. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chuo kinachotaka data yako lazima kikwambie inaitakia nini na itakaa wapi, kichukue ile inayohitajika tu, na ikivuja kwa njia ya kukuhatarisha chuo kina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Mwendeeni dean ama registra kwa upole, watu watatu wanne, muulize ni nani hasa aliyeomba na kwa nini isipelekwe ofisini moja kwa moja ama kwenye potali. Na klasirepu msimshambulie, huenda alitumwa tu na yeye hakufikiri. Mwombeni kila aliyetuma afute picha yake kwa wote sasa hivi wakati bado inafutika, na kwenye simu za wengine waombwe wafute pia, hata kama si wote watakaofanya.

Nyaya za intaneti za baharini zapandia hapa kwetu Mombasa, mbona waifai ya hosteli ni kama twaomba? (Mkaazi wa hosteli, jina limehifadhiwa)

Ni kweli zapandia hapa, TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy 2010, LION2 2012, na zingine zimefuata. Lakini waya ule ukitoka baharini una safari ndefu mpaka kitandani kwako. Chuo kinanunua kiasi fulani cha intaneti, kinagawanya na ofisi na maabara na maktaba, alafu hosteli ndo ya mwisho, na pale kuna kile kisanduku kimoja cha waifai kwenye korido kinachohudumia vyumba vyote, na saa tatu usiku kila mtu anaangalia video. Siku zingine shida huwa ni ya baharini kweli, Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kusini huko na nchi kibao za Afrika Mashariki zikapungukiwa. Lakini usiku wa kawaida shida ni hicho kisanduku na jinsi kilivyogawanywa. Andikeni kwa siku saba intaneti inakwama saa ngapi na ghorofa gani, mpelekee ICT hiyo karatasi. Barua isemayo waifai mbaya haimsaidii fundi, yenye saa na ghorofa yamsaidia sana.

Kaka, mimi ni afisa wa ICT kwenye chuo kidogo, tuko wawili. Mwaka jana mkuu alizindua apu, keki ikakatwa, wageni wakaja, picha zikapigwa. Tangu siku hiyo sina raha. WhatsApp yangu binafsi imejaa wanafunzi, wananipigia saa sita usiku kwa sababu ya paswedi, na bajeti ya mwaka huu apu haina hata shilingi, nikiuliza naambiwa si mlishaimaliza. Nifanye nini? (Afisa, Mombasa)

Ndugu yangu hii barua yako nimeisoma mara tatu, nilijiona mwenyewe ndani yake. Hilo neno mlishaimaliza ndo lililoua huduma nyingi za vyuo kuliko virusi na wezi. Sisi ni watu wa bahari, mwambie mkuu wako kwa lugha yetu. Jahazi likishashushwa majini ndo matumizi yanaanza, kila mwaka lapandishwa pwani, likwanguliwe, litiwe kalafati, lipakwe mafuta ya sifa, na hakuna nahodha anayemuuliza fundi mbona tena si ulimaliza. Apu ni hivyohivyo.

Lakini maneno peke yake hayataleta pesa, chukua daftari. Wiki mbili, kila simu, kila mesej, andika saa, tatizo, dakika ulizotumia. Tulipofanya hivyo kwetu tuliona kitu ambacho hatukukitegemea, karibu usumbufu wote wa paswedi ulikuwa na chanzo kimoja. Kodi ya kubadilisha paswedi ilikuwa yatumwa kwa SMS kwenye namba aliyoandika mwanafunzi siku ya kujiunga, na siku hiyo wengi waliandika namba ya mzazi ama laini waliyokuja kuitupa. Tukaweka meza siku ya usajili wa semista, kila anayepita anathibitisha namba yake, tunamtumia kodi anatusomea hapohapo. Semista iliyofuata nililala. Sikuandika programu yoyote mpya, ilikuwa meza na viti viwili na wanafunzi wawili tuliowalipa kwa siku.

Hao wanafunzi ndo jambo la pili. Tafuta wanne watano, walipwe, hata kidogo lakini walipwe, wawe na saa zao na fulana zao wakae maktaba, waulizwe yale maswali ya kila siku. Wafundishe vizuri na uwaambie wazi mipaka, kwamba mambo ya maksi na ya malipo hawayagusi, wanayaandika tu na kukuletea. Alafu ile namba yako binafsi itoe kwa watu. Najua utaona vibaya, mimi niliona vibaya pia, nikifikiria yule mtoto mwenye mtihani kesho. Lakini ukiugua wewe wiki moja wote wanaugua. Iwe namba moja ya ofisi, yenye saa zinazojulikana, na wiki ya mtihani saa ziongezwe na nyinyi wawili mpokezane, na wiki hiyo hakuna kubadilisha kitu chochote kwenye sistimu, hata kama mkuu ameamka na wazo zuri.

Siku ya matokeo msiyafungulie yote kwa wakati mmoja, toeni kitivo baada ya kitivo na mtangaze mapema kila kitivo saa yake. Na sistimu ikianguka, wa kwanza kusema uwe wewe. SMS moja, twajua imeanguka, twaishughulikia, tutawaambia tena saa kumi, na saa kumi useme kitu hata kama bado. Nimeona hasira za watu mia nne zikishuka kwa mesej moja kama hiyo.

Kwa bajeti, usimpelekee jumla, mpelekee vitu. Seva, jina la tovuti, akaunti ya Apple kama mko huko, cheti cha usalama (za Let's Encrypt ni bure lakini zimekuwa zikiishi siku 90, kwa hiyo weka zijihuishe zenyewe usizitegemee kichwani mwako), fundi wa kurekebisha apu angalau mara moja kwa mwaka Google wakibadilisha mambo, na SMS. Hizo SMS ziangalie kwa makini. Mesej moja ni herufi 160, lakini ofisi ikitia ua ama kialama cha furaha ndani yake yashuka mpaka 70, kwa hiyo ile salamu ya registra yenye maua mnailipia mara mbili ama tatu kwa kila mwanafunzi. Na mjue nani ananunua zikiisha. Kwetu ziliisha Jumamosi ya matokeo, kodi zikawa hazitoki, mwenye paswedi ya kununua alikuwa harusini Lamu na simu ameiacha chumbani, hakukuwa na mwingine. Kutwa nzima. Wanafunzi walidhani tumewaficha maksi.

Jambo la mwisho, na hili usilingoje bajeti. Ile bakapu mnayofanya kila usiku, mmeshawahi kujaribu kuirudisha? Chagueni Jumamosi moja ya likizo, tafuteni kompyuta nyingine, muirudishe kutoka mwanzo mpaka muone jina la mwanafunzi mmoja na maksi zake kwenye skrini. Mwenzako ndo aifanye, wewe kaa umuangalie bila kugusa kibodi, na kila anapokwama andika. Hiyo karatasi ya alipokwama iprintini mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwa registra. Daftari anza nalo Jumatatu, na wiki mbili zikiisha nitumie ulichokiona, nataka kujua chuoni kwenu chanzo kilikuwa nini.